Bega Linalouma Usiku: Tuache Kulitibu Bega Peke Yake

 Leo siandiki habari ya chakula wala maturubai, hayo tumeshayaandika sana. Leo naandika habari ya bega.

Hapa kwetu kila mtu mzima ana bega linalouma. Mvuvi amevuta nyavu tangu utotoni. Mama anabeba ndoo ya lita 20 kichwani mara tatu kwa siku. Kuna watu waliotembea porini usiku na mchana, mtoto mgongoni na mzigo kichwani, mwaka 2020 Mocímboa da Praia ilipotekwa, na wengine Machi 2021 Palma iliposhambuliwa. Kwa hiyo mtu akifika kwenye hema la afya akasema "bega", jibu lipo tayari kabla hajakaa: ni mizigo, chukua parasetamoli, pumzika.

Mara nyingi jibu hilo ni sawa kabisa, sibishi. Ninachosema ni kwamba kati ya mabega hayo yote kuna bega moja moja ambalo lenyewe halina kosa. Linalia kwa niaba ya pafu. Juu kabisa ya pafu, karibu na shingo, kunaweza kuota uvimbe wa kansa. Uvimbe huo haumkoholeshi mtu mapema, wala haumtemeshi damu. Unabana mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi na jichoni. Mgonjwa anasikia bega, anasikia mkono, anaona kidole kimekufa ganzi. Kifua chake kimenyamaza.

Msimamo wangu ni huu: maumivu ya bega yaliyopita wiki nne, yanayoshuka mkononi mpaka upande wa kidole cha mwisho, yasitibiwe kwa vidonge vya maumivu peke yake mpaka mtu huyo ameangaliwa mkono, ameangaliwa jicho, na amepigwa picha ya kifua. Na jambo hili lisitegemee bahati ya kukutana na dokta makini siku hiyo. Liwe utaratibu, na sisi wa kujitolea tufundishwe kuliona.

Mimi si dokta. Nimesoma sekondari, kisha nikawa mtu wa kujitolea. Haya niliyoandika nimeyauliza kwa watu wa afya na nimeyasoma. Yakikuhusu, yapeleke kwa mtu wa afya, usijitibu.

Inakuwaje pafu liumize mkono?

Watu wengi wanadhani mapafu yanaishia kifuani. Siyo. Kila pafu lina kilele, na kilele hicho kinapanda mpaka juu kidogo ya mtulinga, ule mfupa unaotokeza chini ya shingo. Weka kidole chako kwenye kile kishimo nyuma ya mtulinga. Chini ya hapo ndipo pafu lako linapoishia kwa juu.

Sasa pale pale, kwenye nafasi ndogo kama kiganja cha mtoto, vinapita vitu vingi. Inapita mishipa mikubwa ya damu ya mkono. Inapita mishipa ya fahamu inayotoka shingoni na juu ya mgongo kwenda mkononi. Ile ya chini kabisa, iliyo karibu zaidi na pafu, ndiyo inayohudumia upande wa ndani wa mkono, kidole cha mwisho, kidole cha pete, na ile misuli midogo ya kiganja inayotusaidia kushika sindano au kufunga fundo.

Na inapita nyuzi nyingine moja ya ajabu. Inatoka kwenye ubongo, inashuka ndani ya uti wa mgongo mpaka kifuani, inatoka nje, inapita juu ya kilele cha pafu, halafu inapanda tena shingoni mpaka kwenye jicho na ngozi ya uso. Yaani jicho limepata sehemu ya amri zake kwa njia ya kifua. Nyuzi hiyo ikibanwa, kope ya upande ule inashuka kidogo, mboni inakuwa ndogo kuliko ya upande wa pili, na nusu ile ya uso inaacha kutoa jasho.

Wenzangu wa pwani mtanielewa nikisema hivi. Tanga likikataa kupanda, baharia hakai chini akikagua kitambaa tu. Anainua macho juu ya mlingoti, kwenye kapi, pale henza inapopita. Kamba ikikwama juu, tatizo utaliona chini. Mkono na jicho ni tanga. Kilele cha pafu ni kapi.

Uvimbe wa mahali hapo unaitwa uvimbe wa Pancoast, kwa jina la dokta wa picha za eksirei, Henry Pancoast wa Philadelphia, Marekani. Aliandika habari zake mwaka 1924, na mara ya pili mwaka 1932. Zile dalili za jicho zina jina la dokta mwingine, Johann Friedrich Horner wa Uswisi, aliyezieleza mwaka 1869. Kitu kimoja kinanifurahisha kwenye historia hii: Pancoast mwenyewe hakujua kwamba uvimbe ule unatoka kwenye pafu. Alidhani unatokana na mabaki ya chembe za tangu mtu yuko tumboni. Dokta wa Argentina, Tobías, mwaka huo huo wa 1932 ndiye aliyeuona kuwa ni wa pafu. Lakini Pancoast alifanya jambo moja kubwa: alichukua bega, mkono, jicho na picha ya kifua, akaviweka mezani pamoja. Hilo ndilo ninaloliomba hapa kwetu. Vitu vinne, meza moja.

Majina matano tunayoupa ugonjwa huu kwa makosa

Jina la kwanza ni kazi. Hili nimeshalisema. Lakini kuna njia ya kutofautisha. Bega la kazi linauma ukiliinua au ukilibeba, na ukipumzika linapoa. Bega la pafu linauma hata ukiwa umekaa, na usiku ndiyo linazidi. Mtu anakaa kitandani ameshika kiwiko chake kwa mkono wa pili kama amebeba mtoto, kwa sababu akiuachia mkono uning'inie maumivu yanapanda. Anaweza kulizungusha bega lenyewe vizuri tu, lakini maumivu hayaondoki.

Jina la pili ni ukoma. Kaskazini mwa Msumbiji ukoma bado upo, na watu wazima wanaujua kwa macho: kidole cha mwisho na cha pete vinapoanza kukunjika na kufa ganzi, mtaa mzima unanong'ona. Ukoma kweli unaharibu mshipa unaopita kwenye kiwiko, na matokeo yake mkononi yanafanana sana na haya. Lakini ukoma mara nyingi una mabaka ya ngozi yasiyosikia mguso, na mshipa wa kiwiko umevimba ukiugusa. Na kwenye jicho unafanya kinyume chake: jicho la ukoma linashindwa kufunga, jicho la uvimbe huu linashindwa kufunguka vizuri. Na tukumbuke, ukoma unatibika kwa dawa. Kwa hiyo hata mtu akiwa na ukoma kweli, kumnong'ona hakusaidii. Kumpeleka ndiko kunakosaidia.

Jina la tatu ni jini, au mtu amerogwa. Jicho moja limelala, mkono mmoja umepungua nguvu, upande mmoja wa uso haujatoka jasho na jua kali lile. Ukimwambia bibi yangu hayo yote, hatahitaji kufikiri mara mbili. Mimi simdharau fundi wala sheikh anayemsomea mgonjwa, watu wanapata utulivu pale. Naomba tu ratiba isiwe "kwanza fundi miezi sita, halafu hospitali". Zote mbili ziende siku moja.

Jina la nne ni mawazo. Tangu vita vianze tarehe 5 Oktoba 2017, watu wa hapa wamepoteza mengi, na mwili unaobeba huzuni unauma kweli. Mashirika yamekuja na vikundi vya kuzungumza, na vimesaidia. Lakini huzuni haipunguzi mboni ya jicho moja. Huzuni hainyaushi misuli ya kiganja kimoja ikaacha cha pili. Dalili ikiwa ya upande mmoja tu, usiiite mawazo.

Jina la tano ni kifua kikuu, na hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu lina ukweli ndani yake. TB inapenda sehemu ya juu ya mapafu, pale pale. Mtu amekonda, ana bega, ana kikohozi kidogo: kumpima makohozi ni sahihi. Tena mara chache TB yenyewe, au maambukizi mengine, yanaweza kubana mishipa ile na kuleta dalili zile zile. Tatizo linaanza majibu yakirudi hayana TB. Watu wetu wanasikia "hauna TB" kama "hauna ugonjwa". Na kwenye fomu za mradi pia, mtu asiye na TB anatoka kwenye hesabu. Faili lake linafungwa na bega lake linaendelea. Kuna wengine wanaanzishiwa dawa za TB bila uhakika, miezi inapita, hapati nafuu, na hakuna anayeuliza upya.

Mzee mmoja wa blok yetu

Niwape mfano mmoja, bila jina la mtu wala la kituo.

Kuna mzee aliyekuwa akikaa blok ya pili kutoka kwetu, mvuvi, mtu wa sigara kama wavuvi wengi wa umri wake. Alikwenda kituo fulani mara nne ndani ya miezi mitano. Kila mara alikuta mtu mpya zamu, na kadi yake ya kwanza ilishalowa mvua, kwa hiyo kila mara alianza hadithi upya. Mara ya kwanza vidonge. Mara ya pili sindano ya maumivu. Mara ya tatu makohozi, na jibu kwamba hana TB. Mara ya nne aliambiwa ajiunge na kikundi cha wazee cha kuzungumza.

Nilimfahamu wakati tunaandikisha kaya upya. Nilimpa kalamu asaini, akaipokea kwa mkono wa kushoto.

"Baba, wewe ni wa mashoto?"

"Hapana, mwanangu. Huu wa kulia umeniacha. Hata fundo la wavu sifungi tena. Wajukuu ndio wanafunga."

Kope yake ya kulia ilikuwa imeshuka. Wajukuu walikuwa wanamtania kwamba babu ana jicho la usingizi. Majirani walikuwa wanasema mengine.

Wiki iliyofuata alipita nesi mgeni aliyekuja na timu ya kutembelea vitongoji. Alimsikiliza, akamwambia akunje vidole, akamulika macho kwa tochi ya simu, akampapasa nyuma ya mtulinga. Haikuchukua dakika kumi. Akasema, "Huyu apigwe picha ya kifua, na mwandike kwenye barua: bega, mkono, jicho." Picha ilipigwa mjini, baada ya wiki sita za kutafuta usafiri. Uvimbe ulikuwa mkubwa. Alirudi na morfini ya maji kwenye chupa ndogo, na mkewe alituambia kwamba usiku ule mzee alilala amenyoosha mwili kwa mara ya kwanza tangu hawakumbuki lini. Alifariki miezi michache baadaye.

Sisemi kwamba angepona. Huenda kansa ilikuwa imeshatangulia. Ninasema kwamba miezi mitano ile alikuwa haruhusiwi kulala, na dawa ya kumlaza ilikuwepo. Na ninasema kwamba kila aliyemwona aliona kipande: mmoja bega, mmoja makohozi, mmoja huzuni. Hakuna aliyekuwa mwovu. Kila mmoja alifanya kazi ya mradi wake. Lakini mtu si miradi.

"Lakini hapa watu wanakufa kwa malaria na kipindupindu"

Najua mtanijibu hivi, na ni jibu la haki. Uvimbe huu ni wa nadra. Kwenye kansa zote za mapafu, za aina hii ni kati ya 3 na 5 kwa kila 100. Kituo chenye foleni ya watoto wenye homa hakiwezi kumpiga picha kila mwenye bega. Sikuombi hivyo.

Ninachoomba ni maswali mawili matatu na kuangalia kwa macho. Hayo hayana bei. Na maswali hayo hayakamati kansa peke yake. Yanakamata TB ya kifua na TB ya mifupa ya mgongo. Yanakamata ukoma mapema kabla vidole havijakunjika moja kwa moja. Yanakamata mshipa wa shingo uliobanwa. Wengi mtakaowapata kwa maswali haya watakuwa na kitu kinachotibika hapa hapa. Ukitupa wavu kwa ajili ya samaki mmoja ukapata watano, hujapoteza siku.

Jibu la pili ninalolisikia ni zito zaidi: "Hata tukigundua, tutafanya nini? Mionzi iko wapi?" Ni kweli. Kwa mgonjwa wa huku, tiba ya mionzi ni habari ya Maputo, kwenye Hospitali Kuu, mwisho wa pili wa nchi. Ng'ambo ya Rovuma kuna Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo wazee wetu wengi wanaijua kwa jina, lakini mpaka si mlango wa wazi kwetu. Wengine wetu tunakumbuka waliovuka kukimbia wakarudishwa kupitia Negomano.

Hata hivyo sikubali kwamba kugundua hakuna maana. Kwanza, si kila uvimbe wa pale ni kansa, na hujui mpaka uangalie. Pili, kansa hii ikikutwa haijasambaa, ina tiba ya maana. Tangu miaka ya 1960 madaktari walijifunza kutanguliza mionzi kabla ya upasuaji, na baadaye wakaongeza dawa za kansa. Katika jaribio moja la Marekani Kaskazini lililochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 110 ambao kansa yao haikuwa imefika mbali walipewa dawa na mionzi pamoja, kisha wengi wao wakapasuliwa. Baada ya miaka 5, asilimia 44 walikuwa hai. Huko ni kwenye hospitali kubwa, najua. Lakini hata huko, aliyechelewa hakuingia kwenye hesabu hiyo. Muda ni dawa ya kwanza, na muda ndio tunaoupoteza kwenye foleni ya vidonge.

Tatu, hata asiyeweza kupona ana haki ya kutoumia. Maumivu ya mshipa wa fahamu hayasikii parasetamoli. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu ya kansa tangu mwaka 1986, ngazi kwa ngazi mpaka morfini ya kunywa, ambayo si dawa ya bei kubwa. Kuna pia vidonge kama amitriptilini vinavyosaidia maumivu ya mishipa. Daktari ndiye wa kuamua. Lakini hataamua kama kwenye kadi imeandikwa "bega" tu.

Na kuna hatari moja lazima niitaje. Uvimbe huu ukiendelea unaweza kuingia kwenye uti wa mgongo. Mtu mwenye bega la namna hii akianza kuishiwa nguvu miguuni, au akishindwa kukojoa, hiyo si ya kusubiri Jumatatu. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Tunachoweza kufanya sisi

Sisi aktivista tunapita nyumba kwa nyumba. Tunawaona watu wakiwa wamekaa na ndugu zao, hawajajikaza kama wanavyojikaza mbele ya dokta. Kwa hiyo tuna nafasi ambayo kituo hakina. Haya ndiyo ya kuangalia, na hayahitaji kifaa.

Muulize: bega limeanza lini, na usiku linakuwaje? Likipita wiki nne na linamwamsha, endelea.

Muulize: maumivu yanaishia wapi? Akikuonyesha upande wa ndani wa mkono, kiwiko, mpaka kidole cha mwisho na cha pete, endelea.

Mpe kipande cha karatasi akibane katikati ya vidole viwili vilivyonyooka, halafu wewe uvute taratibu. Linganisha mkono mmoja na mwingine. Angalia pia nyama ya kiganja, hasa pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Kama upande mmoja umebonyea, andika.

Mtazame usoni. Kope moja imeshuka? Macho yetu ni meusi, mboni haionekani vizuri juani, kwa hiyo mwingize kivulini au ndani ya nyumba. Kwenye giza kidogo mboni nzima inapanuka, ile yenye tatizo inabaki ndogo, na tofauti inaonekana. Muulize mkewe au mumewe kama uso unatoka jasho pande zote mbili. Lakini jicho likiwa salama usimwache. Si kila mgonjwa anapata dalili za jicho, na wengine zinakuja mwisho.

Muulize kuhusu sigara na tumbaku, na kama nguo zimeanza kumpwaya. Sigara ndiyo chanzo kikubwa cha kansa ya mapafu. Ila uliza kama ndugu, siyo kama polisi. Na asiyevuta usimfute kwenye orodha, kwa sababu na yeye anaweza kupata.

Halafu andika yote kwenye karatasi moja, mpe mgonjwa, na piga picha kwa simu kama anaruhusu. Kadi zinalowa, zinaungua, zinaachwa tunapokimbia. Mei 2024 Macomia iliposhambuliwa tena, watu walitoka na walichovaa. Hadithi ya ugonjwa isiishi kwenye karatasi moja tu.

Tunachoomba kwa mashirika na kituo

La kwanza, tupeni nusu siku ya mafunzo juu ya hili. Mnatufundisha kunawa mikono kila mwezi, na ni vizuri. Nusu siku moja kwa mwaka kwa ajili ya maumivu yasiyoisha haitawafilisi.

La pili, jibu la "hana TB" liwe na mstari wa pili. Hana TB, sasa ana nini? Kama bado anaumwa, aonwe tena na mtu anayejua hadithi yake. Na picha ya kifua ikipigwa, anayeisoma aambiwe atazame kilele. Uvimbe wa pale unajificha nyuma ya mtulinga na ubavu wa kwanza, na kwenye picha ya kawaida unaweza kuonekana kama kivuli kidogo tu upande mmoja. Akiandikiwa "bega, mkono, jicho", atatazama. Akiandikiwa "kikohozi", atatazama kwingine. Na picha ikionekana safi huku dalili zinaendelea, isiwe mwisho wa habari.

La tatu, usafiri. Kutoka Mocímboa mpaka Pemba ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na ile barabara ya N380 kila mtu anajua ilivyo: leo inapitika, kesho mnasubiri msafara wa jeshi. Nauli ya chapa ni ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, na wengi walipoteza vitambulisho vyao, kwa hiyo kila kizuizi ni maswali. Mradi unaolipia kipimo bila kulipia njia ya kufika kwenye kipimo haujalipia kitu. Tunaomba barua ya rufaa yenye muhuri ambayo inaeleweka njiani, na fungu dogo la nauli kwa wagonjwa wasio wajawazito na wasio watoto, kwa sababu kwa sasa mzee wa miaka 60 mwenye bega hana mradi wake.

La nne, morfini ya kunywa isiishie mjini. Ifike mpaka huku, chini ya ulinzi wa daktari na daftari lake, kama dawa nyingine za kufungiwa zinavyofika. Mtu anayekufa kwa kansa kwenye hema na mtu anayekufa kwa kansa kwenye nyumba ya matofali wanaumwa sawa.

Mwisho nawarudia vijana wenzangu. Tumezoea kusema wazee wa huku ni wavumilivu. Tunawasifia kwa hilo. Lakini uvumilivu wa mzee ndio unaomfanya aseme "bega tu, mwanangu" wakati kitu kinamla kwa ndani. Asiposema yeye, tumuulize sisi. Jioni hii ukienda kumsalimia mzee wa karibu yako, usiishie kwenye shikamoo. Mwambie akushike mkono kwa nguvu, wa kulia kisha wa kushoto. Mtazame macho yote mawili. Muulize jana alilala saa ngapi.

Na nyinyi mnaofanya kazi vituoni, mkiona nimekosea mahali, nirekebisheni hapa chini ili wote tusome. Asiyejua kusoma msomeeni kwa Kimwani, Kimakonde au Kimakua, lugha yoyote ile ya nyumbani kwake. Ujumbe ni mfupi: bega lisilopona, tazama mkono, tazama jicho, tazama kifua.